Kabla Hujaomba Nafasi ya Kusomea Kisanskriti

Tafsiri ya Kiingereza ya Ramayana iliyosimamiwa na Robert Goldman wa Berkeley ilianza kuchapishwa na Princeton mwaka 1984. Kitabu cha saba, ambacho ndicho cha mwisho, kilipotoka, miaka zaidi ya 30 ilikuwa imepita. J. A. B. van Buitenen wa Chicago alijitwika Mahabharata nzima: juzuu la kwanza likatoka 1973, la tatu 1978, na mwaka uliofuata akafariki akiwa amemaliza vitabu vitano kati ya 18. Mjini Pune, Chuo cha Deccan kilianzisha mwaka 1948 mpango wa kamusi kuu ya Kisanskriti yenye kufuatilia historia ya kila neno tangu nyakati za Veda. Majuzuu zaidi ya 30 yameshachapwa, na yote yamo katika herufi ya kwanza ya alfabeti.

Kijana anayeniuliza kama aingie katika fani hii humtajia kwanza miaka hiyo. Asipotishika, tunaendelea kuzungumza.

Sisemi hivyo kumkatisha mtu tamaa. Nasema kwa sababu wengi huvutwa na jina la lugha kuliko na kazi yenyewe. Wapo waliopita mlango wa yoga, wapo waliosoma Bhagavad Gita kwa Kiingereza wakaguswa, wapo waliosikia kwamba Kisanskriti na Kilatini ni ndugu wakataka kujua zaidi. Milango hiyo yote ni halali. Lakini ukishaingia ndani utakuta kazi ya siku hadi siku ni kukaa na ukurasa mmoja: ubeti, maelezo ya mfafanuzi wa karne ya 14 au ya 15 chini yake, kamusi pembeni, na orodha ya namna ambavyo miswada tofauti imeliandika neno lile lile. Asubuhi nzima inaweza kuishia kwenye beti nne. Ikiwa hilo linakupa raha, unayo sifa ya kwanza, na ndiyo ambayo hakuna chuo kinachoweza kukupa. Ikiwa unachopenda ni hekima ya kale kwa ujumla wake, jipatie tafsiri nzuri usome kwa starehe yako. Hutakuwa umepungukiwa na chochote.

Kuna swali jingine ambalo vijana wa kwetu huulizwa nyumbani kabla hata ya swali la mshahara: je, unataka kuingia dini ya Wahindu? Jibu lake ni rahisi kuliko wazazi wanavyodhani. Al-Biruni, mwanachuoni wa Kiislamu aliyezaliwa mwaka 973, alijifunza Kisanskriti akiwa mtu mzima, akaandika kwa Kiarabu kitabu kikubwa kuhusu India kilichokamilika karibu na mwaka 1030, na akafasiri matini ya yoga ya Patanjali. Mfalme Akbar aliamuru Mahabharata ifasiriwe kwa Kiajemi katika miaka ya 1580. Kitukuu chake, Dara Shikoh, alisimamia tafsiri ya Upanishad 50 mwaka 1657, nayo ndiyo iliyofasiriwa tena kwa Kilatini na kuzifikisha Upanishad Ulaya. Isitoshe, Kisanskriti si lugha ya ibada tu. Imeandikiwa tamthilia, mashairi ya mapenzi, vichekesho, sheria, utabibu, hisabati, elimu ya nyota, vitabu vya Wabudha na vya Wajaini, na siasa isiyo na haya yoyote, kama ile ya Arthashastra. Mtu anaweza kumaliza umri wake humo bila kugusa kitabu kimoja cha sala.

Sasa lugha. Tenga miaka miwili kwa ajili yake peke yake, na usimsikilize anayekuahidi njia ya mkato. Herufi za Devanagari huchukua wiki chache tu. Usizikwepe kwa kung'ang'ania maandishi ya Kirumi. Ugumu uko kwingine. Wa kwanza unaitwa sandhi. Maneno yanapokutana, sauti ya mwisho ya neno moja na ya mwanzo ya jingine huathiriana na kubadilika, na maandishi hufuata matamshi, hata mstari mzima ukaonekana kama neno moja refu. Kazi ya kwanza ya msomaji ni kuukata mstari panapostahili. Mara nyingine pana mahali pawili panapokatika, na kila mkato una maana yake. Washairi walilijua hilo na wakalichezea kwa makusudi. Ugumu wa pili ni maneno ambatani. Mwandishi wa nathari kama Bana, wa karne ya 7, huunganisha maneno kumi na zaidi bila kuonyesha uhusiano wao hadi afike la mwisho, na ni juu yako kuufumbua kwa kuanzia nyuma.

Hapa msemaji wa Kiswahili ana mtaji ambao wenzake darasani hawana, na ni vyema aujue mapema. Tangu utotoni umezoea kivumishi, kiwakilishi na kitenzi kuifuata nomino. Ukiambiwa kwamba kivumishi cha Kisanskriti hufuata jinsia, idadi na kazi ya nomino katika sentensi, hutakodoa macho. Umezoea pia mzizi mmoja wa kitenzi kunyambuka ukazaa kutendesha na kutendwa. Kisanskriti kinazo kauli hizo, na juu yake kina umbo zima la kutaka kutenda. Na kama ulipita madrasa ukafika kwenye nahau na sarfu ya Kiarabu, basi hata yale mawili yanayowasumbua Waingereza kuliko yote, yaani umbo la watu wawili lililo kati ya umoja na wingi, na nomino kubadilika mwisho wake kufuatana na nafasi yake, utayapokea kama jamaa wa mbali. Kiarabu kina hali tatu za nomino. Kisanskriti kina nane. Ni nyingi, lakini mantiki ni ile ile.

Vitabu vya kujifunzia vipo vya kutosha. Kile cha A. M. Ruppel, kilichotolewa na Cambridge mwaka 2017, kinamfaa anayejisomea mwenyewe kwa sababu kinaeleza mambo ambayo vingine huyaacha kwa mwalimu. Kile cha Robert na Sally Goldman kinafaa zaidi darasani. Sarufi ya William Dwight Whitney ya mwaka 1879 usiisome kama kitabu; iweke karibu uiulize. Kamusi ya Monier-Williams, toleo la 1899, pamoja na ile ya Apte na ile kubwa ya Kijerumani ya Böhtlingk na Roth, zote zinapatikana bure kwenye tovuti ya Chuo Kikuu cha Cologne. Matini zenyewe zimewekwa kwa wingi katika hazina ya Göttingen inayojulikana kwa kifupi kama GRETIL. Kwa hiyo kisingizio cha kukosa maktaba kimekufa. Kinachobaki ni nidhamu, na nidhamu ya lugha hii ni saa moja kila siku, wala si saa saba za Jumamosi. Soma kwa sauti. Kariri majedwali ya nomino na vitenzi. Najua ualimu wa kisasa hauupendi ukariri, lakini lugha hii ilihifadhiwa kwa vinywa kwa muda mrefu kabla ya kuandikwa, na sarufi ya Panini yenye kanuni zipatazo 4,000 ilitungwa fupi fupi hivyo ili ikaririwe. Ukimaliza kitabu cha mwanzo, nenda kwenye hadithi za Hitopadesha, au kisa cha Nala ndani ya Mahabharata, ambacho walimu wamekitumia kuanzishia wanafunzi tangu karne ya 19. Usimkimbilie mshairi Kalidasa, na Rigveda iache kwanza. Kisanskriti chake ni cha zamani zaidi na kina sarufi yake.

Jambo ambalo vitabu havitakupa ni kusoma na pandit, yaani mwalimu wa kimapokeo. Katika mapokeo ya India mwanafunzi hukaa na mwalimu, wakaipita matini neno kwa neno, na mwalimu akataja kutoka kichwani kanuni ya sarufi na aliyosema mfafanuzi fulani. Hata nusu mwaka wa kusoma hivyo Pune, Varanasi, Mysore au Tirupati hubadilisha usomaji wako. Utaanza kuwaheshimu wafafanuzi. Mallinatha, aliyeeleza mashairi ya Kalidasa, atakuwa mwalimu wako wa pili, na utagundua kwamba makosa mengi ya wafasiri wa Ulaya yalitokana na kumruka.

Kuhusu mahali pa kusomea, nitakuwa mkweli: usitarajie kukuta idara ya Kisanskriti katika chuo kikuu cha karibu na kwenu. Shahada ya kwanza ichukue hapa hapa, katika isimu, fasihi ya Kiswahili, historia, falsafa au dini, ukijifunza lugha pembeni. Baada ya hapo njia ni mbili kubwa.

Ya kwanza ni India. Baraza la Uhusiano wa Kitamaduni la India, ICCR, hutoa ufadhili kwa wanafunzi wa kigeni, wakiwamo wa Afrika, na maombi hupitia tovuti yake huku ubalozi wa India ukihusika. Lakini kabla hujajaza jina la chuo, elewa kwamba kuna India mbili za Kisanskriti. Vyuo vikuu vya kimapokeo, kama Sampurnanand cha Varanasi, ambacho asili yake ni chuo kilichoanzishwa mwaka 1791, au kile cha Tirupati, hutoa shahada zinazoitwa Shastri na Acharya, na ufundishaji huwa kwa Kisanskriti chenyewe au kwa Kihindi. Ukifika huko na Kiingereza peke yake utakaa darasani kama bubu. Idara za kisasa, kama za Delhi, Pune au Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru, hufanana zaidi na unachokijua. Ushauri wangu ni idara ya kisasa kwa ajili ya cheti, na pandit wa kimapokeo wakati wa alasiri kwa ajili ya elimu. Kihindi cha sokoni na cha ofisini utakihitaji kote kote.

Njia ya pili ni Ulaya na Marekani. Ujerumani ndiyo nchi ninayoitaja kwanza, kwa sababu vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo; Hamburg, Leipzig, Marburg na Göttingen vina historia ndefu ya masomo ya India. Jihadhari na jimbo la Baden-Württemberg, lenye Heidelberg na Tübingen, ambalo tangu 2017 huwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Na ada kutokuwepo si sawa na kuishi bure: asiye na mfadhili hutakiwa aonyeshe kwa ajili ya viza akiba ya karibu euro 12,000 kwa mwaka katika akaunti maalumu, kiasi ambacho hupandishwa mara kwa mara. Hapo ndipo ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani, unapokuwa na maana. Uingereza, pamoja na Oxford na SOAS zake, ni ghali mno kwa asiye na ufadhili kamili. Marekani hali ni ya ajabu kidogo: umahiri wake ni wa gharama kubwa, lakini uzamivu katika vyuo vikubwa kama Chicago, Harvard au Columbia kwa kawaida hulipiwa ada na posho kwa miaka mitano au zaidi, kwa sharti la kufundisha. Nafasi ni chache mno na zinagombaniwa na dunia nzima. Usikubali uzamivu usiolipiwa. Ukisikia kwamba chuo kimekupa nafasi lakini pesa utaitafuta mwenyewe, kishukuru, kisha ukatae. Hakuna kazi ya mshahara mnono inayokungoja mwisho wa safari ya kulipa deni hilo.

Sasa hilo la kazi. Sensa ya India ya mwaka 2011 iliwahesabu watu 24,821 waliotaja Kisanskriti kuwa lugha yao ya kwanza, katika nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja. Hakuna soko la ukalimani. Kinachoajiri ni vyuo vikuu, na vyuo vimekuwa vikipunguza. Cambridge iliacha kupokea wanafunzi wa shahada ya kwanza ya Kisanskriti katika muongo wa kwanza wa karne hii, licha ya umaarufu wake wote. Ukisoma matangazo ya kazi utaona ni nadra tangazo kutaka mtu wa Kisanskriti tu. Linataka mwalimu wa dini za Asia Kusini, au wa Ubudha, au wa fasihi linganishi, au wa historia ya sayansi, ambaye pia ataweza kufundisha Kisanskriti. Hilo neno ‘pia’ ndilo la kuzingatia unapopanga masomo yako.

Kwa hiyo tafuta mguu wa pili mapema, ukiwa bado kwenye umahiri. Mtu anayejua Kisanskriti na Kitibeti ana kazi katika masomo ya Ubudha. Anayejua Kisanskriti na Kiajemi anaweza kuandika historia ya kasri za Wamughal. Anayejua hisabati ana mlango ambao wachache wanaupita. Na siku hizi kuna mguu wa kompyuta: kuifundisha mashine ikate sandhi ni tatizo gumu na linalovutia, na Oliver Hellwig amejenga hazina ya matini zilizochanganuliwa neno kwa neno ambayo watafiti wengi huitegemea. Kuna pia maktaba. Wanaodharau ukutubi wakumbuke kwamba Arthashastra, kitabu kilichojulikana kwa jina tu kwa karne nyingi, kilitambuliwa mwaka 1905 na R. Shamasastry, aliyekuwa mkutubi mjini Mysore, kutokana na mswada wa majani ya mtende ulioletwa pale. Akauchapisha mwaka 1909. Inakadiriwa kwamba India ina miswada zaidi ya milioni 5, na mingi kati yake haijasomwa na mtu yeyote wa zama hizi.

Wapo pia waliokataa kuifanya lugha hii kuwa ajira. Bibek Debroy alikuwa mchumi, mwenyekiti wa baraza la kumshauri Waziri Mkuu wa India kuhusu uchumi hadi alipofariki mwaka 2024. Kati ya 2010 na 2014 alitoa tafsiri kamili ya Mahabharata kwa Kiingereza, majuzuu kumi, peke yake. Wataalamu wana manung'uniko yao kuhusu mtindo wake, na mengine nakubaliana nayo, lakini aliimaliza. Anayetaka kuitumikia fasihi hii huku mshahara ukitoka kwingine asidhani yuko daraja la chini.

Mguu wa pili ambao sisi tunao na wengine hawana ni Kiswahili. Chukua mfano mmoja. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha hadithi alizosimuliwa Zanzibar, na mojawapo ni kisa cha punda wa dobi. Kima anachukuliwa baharini na papa anayeutaka moyo wake. Anajiokoa kwa kusema ameuacha mtini, na akisharudi salama anamsimulia papa habari za punda asiye na moyo wala masikio. Kisa hicho, pamoja na kile kilichomo ndani yake, kimo katika kitabu cha nne cha Panchatantra. Kule mnyama wa majini ni mamba. Katika karne ya 6 tabibu Burzoy alikipeleka kitabu hicho Uajemi. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu kwa jina la Kalila na Dimna, na mamba akawa kasa. Zanzibar kasa akawa papa, na mbweha aliyemdanganya punda akawa sungura, kwa sababu kwetu hila ni za sungura. Wasomi wameutaja undugu huu zamani, lakini mtu anayeweza kusoma Kisanskriti, Kiarabu na Kiswahili kwa pamoja, akazipanga hatua zote na kueleza ni nini kilibadilika wapi na kwa nini, huyo hakutani na foleni. Hiyo ni tasnifu ya uzamivu iliyo tayari, na inaweza kumwajiri mtu katika idara ya Kiswahili, ya fasihi au ya masomo ya Bahari ya Hindi.

Vivyo hivyo kwa miswada. Anayesoma tenzi za kale kwa hati ya Kiarabu, akalinganisha nakala mbili za utenzi mmoja na kuamua ipi imeteleza, tayari anafanya kwa udogo kile kilichofanywa na Taasisi ya Bhandarkar ya Pune, iliyolinganisha miswada zaidi ya elfu moja ya Mahabharata kuanzia 1919 hadi 1966. Chuo Kikuu cha Hamburg kina kituo cha utafiti wa tamaduni za miswada kinachopokea wataalamu wa Asia na wa Afrika chini ya paa moja. Ukiomba nafasi mahali kama hapo, taja ujuzi wako wa hati ya Kiarabu kwenye aya ya kwanza.

Nimefika kwenye tafsiri, na hapa nitakaa kidogo.

Kipimo cha ushairi wa masimulizi ya Kisanskriti ni shloka: vipande vinne, kila kimoja silabi 8, jumla 32. Mshairi wa Kiswahili akisikia hivyo atainua kichwa, maana utenzi wa kawaida nao una vipande vinne vya mizani nane nane. Hesabu ni ile ile. Mahabharata na Ramayana kwa sehemu kubwa zimetungwa kwa shloka, na sisi tunacho chombo cha ukubwa huo huo, kilichozoea vita, safari, mawaidha na mazungumzo marefu. Mfasiri wa Kiingereza anaungulia hapo: akitumia ushairi anachekesha, akitumia nathari anapoteza mwendo. Sisi hatuna tatizo hilo. Tuna mengine. Shloka haina vina, ina silabi nyepesi na nzito, na masharti yake makali yako kwenye silabi ya tano hadi ya saba ya kila kipande. Utenzi haujali uzito wa silabi lakini unadai vina vitatu na bahari ya kufungia. Tena Kisanskriti kinabana: kwa neno ambatani moja kinasema jambo ambalo Kiswahili kitalitaka mizani kumi na mbili. Ukijaribu ubeti kwa ubeti utajikuta unakata nyama ili upate kina. Ninavyoona mimi, ni afadhali kuruhusu shloka moja iwe beti mbili pale inapobidi, kuliko kuujaza ubeti maneno ya kuzibia nafasi ambayo kila msomaji wa tenzi anayatambua mara moja. Kwa ushairi wa kasri, kama Meghaduta ya Kalidasa yenye silabi 17 kwa kila kipande na vituo viwili ndani yake, utenzi haufai. Ni mwembamba mno. Jaribu mstari mrefu wa shairi, au bahari utakayoibuni, au nathari nzuri isiyoona haya.

Kabla ya vina lakini, fanya rasimu kavu. Andika kila neno la asili, umbo lake la kisarufi, na maana yake ya hapo. Soma mfafanuzi. Angalia toleo gani la matini unafuata na uliandike. Kisha tu ndipo uangalie tafsiri za wengine, ili uone walipotofautiana nawe. Anayeanza na tafsiri ya Kiingereza akaipamba kwa Kiswahili hajafasiri Kisanskriti. Amefasiri Kiingereza, na asilifiche hilo kwenye jalada. Maandishi ya kale hayana hakimiliki, lakini tafsiri ya mtu aliye hai inayo. Ile ya Mahabharata ya Kisari Mohan Ganguli, iliyotoka kati ya 1883 na 1896, ni mali ya umma na inasaidia kukagua maana.

Upande wa ajira, vyuo vingi huipa tafsiri alama chache kuliko makala au kitabu cha uchambuzi unapofika wakati wa kupandishwa cheo. Ni dhuluma, lakini ndiyo hali. Weka makala mbele, tafsiri ifuate, na kila tafsiri uitolee makala moja inayotokana na ulichogundua ukifasiri. Fuatilia pia misururu ya vitabu. Clay Sanskrit Library ilitoa majuzuu 56 kati ya 2005 na 2009 na kuwapa kazi wafasiri wengi vijana. Ikasimama fedha na mpango vilipofika kikomo. Tangu 2015 Harvard inachapisha Murty Classical Library, kwa mchango wa familia moja ya Bangalore, na humo Kisanskriti hukaa pamoja na Kiajemi, Kipunjabi na nyinginezo.

Uwe tayari pia kwa kelele. Januari 2004 kundi la watu lilivamia Taasisi ya Bhandarkar na kuharibu vitabu na miswada kwa sababu ya kitabu cha mtafiti wa Kimarekani kuhusu mfalme Shivaji, kwa vile tu wasomi wa hapo walitajwa kwenye shukrani. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Delhi kiliiondoa kwenye mtaala insha ya A. K. Ramanujan kuhusu wingi wa Ramayana. Mwaka 2014 mchapishaji alikiondoa sokoni India kitabu cha Wendy Doniger kuhusu Wahindu. Mgeni kutoka Afrika hana kinga maalumu. Taja kitabu, sura na ubeti kila unapodai jambo. Tenganisha kinachosemwa na matini na unachoona wewe. Usiandike mzaha mtandaoni kuhusu mungu wa mtu. Na unaposhukuru watu, waulize kwanza kama wanapenda majina yao yawemo.

Ukiwa umefika mwaka wa pili wa kujisomea, andika barua kwa msimamizi unayemtaka. Barua iwe fupi, yenye aya tatu. Ya kwanza ieleze umesoma lugha kwa vitabu gani na umefika wapi, bila kutia chumvi, kwa kuwa atakupima ndani ya dakika tano. Ya pili itaje kazi yake moja uliyoisoma na swali moja la kweli kuihusu. Ya tatu ieleze unacholeta ambacho hana: Kiarabu, hati ya Kiarabu, tenzi, kompyuta, chochote kile. Ambatanisha ukurasa mmoja wa tafsiri yako mwenyewe, kwa Kiingereza, wenye beti sita au saba, na tanbihi zinazoonyesha ulipokwama na ulivyoamua. Sifa za maadili yako kutoka kwa mkuu wa shule ziache nyumbani. Asipojibu baada ya wiki tatu, mkumbushe mara moja. Asipojibu tena, mwandikie mwingine.